KUIACHA NAFSI SI KUIACHA AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Somo la Ijumaa hii linahusu maneno mawili ambayo kila mmoja wetu ameyasikia tangu chuoni. Neno la kwanza ni "Iache nafsi yako." Neno la pili ni "Utaulizwa." Masheikh wa zuhudi wanatufundisha kwamba mja hafiki kwa Mola wake mpaka aseme kwa moyo: mimi si kitu, sina changu, yote ni Yake. Na walimu wa fikihi wanatufundisha kwamba kila aliyebaleghe mwenye akili amekalifishwa: ana deni la sala, la zaka, la mke, la mtoto, la jirani, na kesho atasimama peke yake kuhesabiwa. Sasa vijana wanauliza, na wana haki ya kuuliza: kama mimi si kitu, ni nani atakayeulizwa? Na kama mimi ndiye nitakayeulizwa, nitasemaje kwamba mimi si kitu?

Suala hili si la vitabuni tu. Linaingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Kuna mtu anatoka siku arobaini kwa ajili ya dhikiri na daawa, nyuma anaacha sufuria tupu, na mke akiuliza anaambiwa kwamba anayeruzuku ni Mungu. Kuna mtu ameshika pesa za likelemba ya wamama kumi na wawili, pesa zimeliwa, anasema mali yote ni ya Mungu, tusameheane. Kuna bosi wa machimbo ya dhahabu hajawalipa vijana wake miezi mitatu, anawahubiria kwamba dunia ni mapito. Wote watatu wanatumia maneno ya mawalii. Je, kweli wote watatu wameiacha nafsi?

Jibu letu la leo, kwa ufupi, ni hili: Kinachotakiwa kuachwa ni madai ya nafsi yako juu ya wengine. Madai ya wengine juu yako hayaachwi na wewe. Huna mamlaka nayo. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili hajaiacha nafsi, bali ameivika kanzu.

1. NAFSI INAYOKATAZWA NA NAFSI INAYOULIZWA

Tuanze na Qurani Tukufu. Katika Sura An-Naziat, aya ya 40 na 41, Mwenyezi Mungu anaahidi Pepo kwa yule aliyeogopa kusimama mbele ya Mola wake akaikataza nafsi yake na matamanio. Hapo nafsi ni kitu cha kukatazwa. Lakini katika Sura Al-Muddaththir, aya ya 38, tunaambiwa kwamba kila nafsi imewekwa rehani kwa yale iliyoyachuma. Hapo nafsi ni ile ile, ila sasa imesimama mbele ya hesabu na haiwezi kutoroka.

Je, kuna kupingana? Hakuna. Tazameni Sura Ash-Shams, aya ya 9 na ya 10. Aliyefaulu ametajwa kuwa ni yule aliyeitakasa nafsi yake. Hakutajwa aliyeiua, wala aliyeitupa, wala aliyeisahau. Mtu hufua nguo yake ili aivae, haifui ili aitupe mtoni. Vivyo hivyo nafsi inatakaswa ili iweze kubeba kitu.

Na kitu chenyewe ni kipi? Ni amana. Sura Al-Ahzab, aya ya 72, inatuhabarisha kwamba amana ilionyeshwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba kwa kuiogopa, binadamu akaibeba. Basi mwenye kusema "mimi si kitu" na akaishia hapo, amesahau kwamba mgongoni ana mzigo ulioshinda milima. Hamali anayebeba mfuko wa mchele wa tajiri kutoka bandarini hawezi kusema "huu mchele si wangu" akautupa majini. Ni kweli si wake. Na kwa sababu si wake, ndiyo maana ataulizwa.

2. ADAM NA IBLISI: NANI ALIIACHA NAFSI?

Kisa cha pili kinatoka katika Sura Al-Aaraf. Adam (A.S.) alikosea, na Iblisi alikosea. Wote wawili walisimama mbele ya Mola mmoja. Iblisi, katika aya ya 16, alisema kwamba Mungu ndiye aliyempoteza. Adam na Hawwa, katika aya ya 23, walisema kwamba wamezidhulumu nafsi zao wenyewe, na wakaomba msamaha.

Ndugu zangu, fikirini vizuri juu ya jambo hili. Kwa juu juu, maneno ya Iblisi yanafanana na tauhidi: ameondoa kitendo kwake, amekirudisha kwa Mungu. Na maneno ya Adam yanafanana na kujihesabu kuwa kitu: "sisi ndio tuliofanya." Lakini aliyelaaniwa ni yule wa kwanza, na aliyesamehewa ni yule wa pili. Kwa nini? Kwa sababu Iblisi aliondoa lawama tu. Kiburi alibaki nacho. Adam aliacha kiburi, lawama akabaki nayo.

Hii ndiyo alama ya kwanza ya kumjua mtu aliyeiacha nafsi kwa kweli. Jambo zuri likitokea anasema ni fadhila ya Mungu. Jambo baya likitokea anasema ni mimi, nisameheni. Aliyegeuza, akachukua sifa na kumwachia Mungu lawama, huyo amefuata njia ya Iblisi hata kama tasbihi yake ina punje elfu.

3. SHAHIDI NA DENI

Nani katika umma huu ameiacha nafsi yake zaidi ya shahidi aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu? Hakutoa mali tu, wala usingizi, wala chakula. Ametoa roho. Baada ya hapo hakubaki na cha kutoa. Lakini katika hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni.

Subhanallah! Mtu ametoa roho yake, na dinari za watu bado zinamngoja. Kwa nini? Kwa sababu roho aliyoitoa ilikuwa haki yake kuitoa kwa Mola wake. Zile dinari zilikuwa za mtu mwingine. Huwezi kutoa sadaka kitu cha jirani, hata ukitoa pamoja nacho maisha yako.

Na tunajua kutoka kwa Imamu Bukhari kwamba liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa analo, dinari chache tu, na hakuacha kitu cha kulilipa. Akawaambia sahaba wamsalie wao. Hapo Abu Qatada (R.A.) akasema deni lile liko juu yake yeye. Ndipo Mtume (S.A.W.) akamsalia. Oneni namna mambo mawili yanavyokutana kwa mtu mmoja: Abu Qatada ameiacha nafsi yake, yaani mfuko wake, kwa kubeba jukumu ambalo halikuwa lake. Zuhudi yake ilikuwa kuongeza dhima, haikuwa kuipunguza.

Wahenga walisema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni dhikiri. Na sheria imefungua mlango mmoja wa msamaha: Sura Al-Baqara, aya ya 280, inamwambia mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliyefilisika, na akimsamehe kabisa ni bora kwake. Angalia mlango huo umefunguliwa upande gani. Umefunguliwa upande wa mwenye kudai. Yeye ndiye anayeweza kusema "dunia si kitu, nimekuachia." Mdaiwa hana ruhusa ya kuyasema maneno hayo kwa niaba yake.

4. IMAMU GHAZALI: KUONDOKA NA KURUDI

Wengine wanasema: lakini wanazuoni wakubwa waliacha kazi zao na jamaa zao wakaenda kumtafuta Mungu. Na mfano wanaoutoa mara nyingi ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Basi tuitazame habari yake yote mpaka mwisho, tusisome nusu.

Al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 450 Hijria (1058). Mwaka 484 Hijria (1091) alipewa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, cheo kikubwa sana kwa zama zile, na wanafunzi wake walikuwa kama mia tatu. Mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha Al-Munqidh kwamba alipoichunguza nia yake aliona hafundishi kwa ajili ya Mungu. Anafundisha kwa ajili ya jina na cheo. Akavutana na nafsi kwa karibu miezi sita, mpaka ulimi ukafungika asiweze kutoa somo. Mwishoni mwa mwaka 488 Hijria (1095) akaacha vyote, akaenda Sham, akakaa faragha katika msikiti wa Damascus, akazuru Baitul Muqaddas, akahiji.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wanaopenda kukimbia nyumba zao hawayasemi. La kwanza: alipogawa mali yake, alibakiza kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Alitoka katika cheo, hakutoka katika ubaba. Na baadaye, anasema mwenyewe, ni wito wa watoto uliomrudisha nyumbani kwao.

La pili ni zito zaidi. Baada ya miaka kama kumi na moja, mwaka 499 Hijria (1106), alitakiwa arudi kufundisha mjini Nishapur, kwa sababu imani za watu zilikuwa zimeharibika. Akajichunguza tena, kama alivyojichunguza Baghdad. Na mara hii akaona kwamba kuendelea kukaa faragha kungeweza kuwa ni uvivu, ni kutaka raha, ni kujitunzia heshima na kuepuka maudhi ya watu. Akarudi darasani. Akasema kwa maana yake kwamba zamani alikuwa akifundisha elimu inayoleta cheo, na sasa anaita watu kwenye elimu inayofanya cheo kiachwe.

Ndugu zangu, kazi ilikuwa ile ile: mwalimu, wanafunzi, kitabu. Mara ya kwanza nafsi ilikuwa imejificha ndani ya kazi, akaiacha kazi. Mara ya pili nafsi ingejificha ndani ya faragha, akaiacha faragha. Basi nafsi haina chumba kimoja. Inaweza kukaa sokoni, na inaweza kukaa mihrabuni. Alifariki Tus mwaka 505 Hijria (1111), akiwa bado anafundisha na kufanya ibada.

Na Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 298 Hijria (910), ambaye masheikh wengi wa tarika, pamoja na Kadiria tunayoijua huku Maniema, wanapitisha silsila zao kwake, alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Alifundisha kwamba baada ya mja kupotea katika utajo wa Mola wake, yaani fanaa, hurudishwa kwa watu akiwa na akili timamu na wajibu wake wote, yaani baqaa. Alipoambiwa kuna watu wanadai wamefika daraja ya kutohitaji tena kutenda wajibu, aliona kwamba mwizi na mzinifu wana hali bora kuliko hao.

5. SALMAN NA ABU DARDAA

Turudi kwa sahaba. Mtume (S.A.W.) alimfanya Salman al-Farisi kuwa ndugu wa Abu Dardaa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta mke wake, Mama Dardaa, amevaa nguo chakavu, hakujitengeneza. Akamuuliza kuna nini. Akajibu kwa adabu kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia.

Jibu hilo lina uchungu ndani yake. Maana yake: mume wangu amekuwa mcha Mungu sana, na mimi ndiye ninayelipa.

Salman hakutoa hotuba. Chakula kilipoletwa, na Abu Dardaa amefunga saumu ya sunna, Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka kusali, Salman akamwambia alale. Akataka tena kuinuka, akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku akamwamsha, wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na mke wake ana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki, haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.), akasema Salman amesema kweli. Imamu Bukhari ameipokea.

Tuzingatie kwamba Salman hakumkataza sala ya usiku, alisali naye. Alichokataza ni sala ya usiku inayolipwa kwa haki ya mwanamke wa ndani ya nyumba. Ewe baba unayetoka siku arobaini: tukitazama wajibu, swali letu la kwanza si umekwenda wapi. Swali la kwanza ni umeacha nini nyumbani. Unga upo? Minervali ya watoto imelipwa? Mama mgonjwa ana dawa? Ukiacha hayo yametengenezwa, nenda, Mungu akutangulie. Usipoyaacha, safari yako wanaigharamia watu ambao hukuwaomba ruhusa.

Mtu anaweza kuuliza: na yule Ansari je, aliyempa mgeni wa Mtume (S.A.W.) chakula cha nyumba yake, wakawalaza watoto na kuzima taa ili mgeni asijue kwamba wenyeji hawali? Si alisifiwa, na Sura Al-Hashri, aya ya 9, si inawasifu wanaowapendelea wengine kuliko nafsi zao? Ndiyo, alisifiwa sana. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza kwamba wale watoto hawakuwa na njaa ya kuwadhuru. Walikuwa wakitaka chakula kama watoto wanavyotaka. Wangekuwa na haja ya kweli, kuwalisha kungekuwa wajibu, na wajibu unatangulia ukarimu. Wazazi walilala na njaa yao wenyewe. Hiyo ndiyo sadaka ya nafsi.

6. SAMEHE HAKI YAKO, USISAMEHE HAKI YA MWENZAKO

Hapa tunafika penye ugonjwa mkubwa wa zama zetu. Zuhudi ni dawa ambayo mtu anakunywa mwenyewe. Siku hizi wako wanaoinywesha wengine kwa nguvu.

Bosi anayemwambia mchimbaji avumilie kwa sababu Pepo ni ya masikini, na yeye pesa ya mchimbaji ameifanyia nyumba, hafundishi zuhudi. Anakula mshahara. Jamaa wanaomwambia mjane aache kudai fungu lake la mirathi kwa sababu Mwislamu mwema hagombanii dunia, na wao wamekwisha kuigawa parsele, hawafundishi zuhudi. Wanadhulumu. Mlezi wa mayatima akumbuke Sura An-Nisaa, aya ya 6 na ya 10: tajiri ajizuie kabisa na mali yao, na anayeila kwa dhulma anakula moto tumboni mwake.

Na wewe mama, wewe kijana uliyedhulumiwa: kusamehe ni daraja kubwa, na ukisamehe kwa hiari yako Mwenyezi Mungu hatakupotezea malipo. Lakini kudai haki yako kwa njia ya halali si kupenda dunia. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwafundisha sahaba kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema.

Kisha iko daraja ya juu kabisa, nayo imetajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 135: waumini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mungu hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, au wazazi, au jamaa wa karibu. Anayetaka kujua kama ameiua nafsi yake asihesabu rakaa. Ajiangalie siku ya baraza, kesi inapokuwa kati ya mtoto wake na mtoto wa jirani, na anajua kwamba wake ndiye mwenye kosa. Akisema kweli, hapo nafsi imeachwa kwelikweli. Na hapo hapo wajibu umetimizwa. Mambo mawili tuliyodhani yanapingana yamekuwa kitendo kimoja.

7. KUTAWAKALI SI KUJIFICHA NYUMA YA KADARI

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia: amfunge kisha atawakali, au amwache tu atawakali? Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Imamu Tirmidhi ameipokea. Na katika ukhalifa wake, wakati tauni ilipoipiga Sham, Seyidina Umar (R.A.) alifika njiani akasikia habari ya maradhi, akashauriana na watu, akaamua kuwarudisha. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Maana yake, kinga pia ni kadari, na akili ya kujikinga pia tumepewa na Yeye.

Sisi huku Kongo tumeyaona haya kwa macho. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Aliyenawa mikono na kukubali maziko ya salama hakupungukiwa na imani. Na tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu. Makumi ya watu walikufa. Tunasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na tunasema kwamba ajali haina kinga pale ambapo kinga haikuwezekana. Lakini mwenye chombo yeyote anayepakia watu mia pahali pa watu hamsini, kisha akasema ni mpango wa Mungu, amerudia hoja ya Iblisi: kosa ni langu, lawama ni Yako.

8. SUALA: NIKIJIONA NINA WAJIBU, SITAJIVUNA?

Ni suala zuri. Mtu akilisha, akisomesha, akilipa, akitetea wanyonge, moyo unaweza kuvimba: bila mimi nyumba hii ingekufa, bila mimi msikiti huu ungefungwa. Tena yuko mwingine ambaye mzigo unamvunja: halali usiku, anadhani kila jambo linamtegemea yeye, mtoto akifa kwa malaria pamoja na juhudi zote alizofanya anajiona yeye ndiye muuaji.

Kwa watu hawa wawili, kuiacha nafsi ni dawa. Kwa mwenye kujivuna tunasema: nguvu ulizofanyia kazi umezipata wapi? Na kwa aliyevunjika tunasema: ulikalifishwa juhudi, hukukalifishwa matokeo. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Ulimpeleka mtoto hospitali, ulitafuta dawa, uliomba. Dhima yako imekwisha hapo. Kilichobaki ni cha Mola wako. Tua mzigo ambao si wako.

Basi zuhudi inaingia kabla ya kazi, katika nia. Na inaingia baada ya kazi, katika matokeo na sifa. Katikati, kwenye kazi yenyewe, ni wajibu mtupu. Mkulima hutia nia kwa Mungu, hulima kama mtu asiye na msaidizi, kisha huiacha mbegu kwa Mwenye mvua.

9. MIZANI YA KUJIPIMIA

Kila mmoja anapotaka kuacha jambo kwa jina la Mungu, ajiulize mambo matatu:

(a) Ninachokiacha ni changu, au ni cha mtu mwingine? Kama ni cha mwingine, sina ruhusa ya kukiacha.

(b) Nani atasikia uchungu wa kuacha kwangu? Kama ni mimi, huenda ni zuhudi. Kama ni mke, watoto, wafanyakazi au wadeni wangu, ni dhulma.

(c) Baada ya kuacha, nimekuwa mwepesi kusema "nimekosa, nisamehe", au nimekuwa mgumu zaidi? Nafsi iliyoachwa kweli haioni taabu kuomba msamaha.

Na kazi ya wiki hii ni moja. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja aandike kwenye karatasi madeni yake ya watu: ya pesa, ya mshahara, ya ahadi, ya maneno aliyomsengenya mtu. Achague moja, alilipe au aende kwa mwenyewe amwombe muda. Tukumbuke ile hadithi ya aliyefilisika Siku ya Kiyama: anakuja na sala, saumu na zaka, lakini huyu amemtukana, huyu amekula mali yake, huyu amempiga, basi mema yake yanagawanywa mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa dhambi zao. Hakufilisika kwa kukosa ibada. Alifilisika kwa sababu wadai walikuwa wengi.

DUA

Ewe Mola wetu, tuondolee kiburi cha nafsi zetu wala usituondolee aibu ya makosa yetu. Tupe nguvu ya kulipa kabla ya kuulizwa. Walio na haki juu yetu, tuwezeshe kuwafikia wakingali hai. Na waliotangulia, wape kutoka katika fadhila Yako mpaka waridhike nasi. Walinde wajane na mayatima wetu, wachimbaji wetu, wasafiri wa mito na maziwa yetu, na uijaalie nchi yetu amani. Amin.

Wasalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume. Ukiisha kuisoma mpe mwenzako, usifungie maandazi.)